Kuziba njia ya panya sio kufunga mtaa

Mwezi Mei 2025 Mahakama Kuu ya Uingereza iliamua kwamba mpango wa kuzuia magari yasikatize mitaa ya makazi ya West Dulwich, kusini mwa London, ulipitishwa kinyume cha sheria, na tangu siku ile kila mjadala wa magari mitaani lazima atokee mtu aliyeishika hukumu hiyo kama rungu: mnaona sasa, hata mahakama imekataa, barabara ni ya wote, waacheni watu wapite. Ukiifuatilia hukumu yenyewe unakuta habari ni nyingine kabisa. Wakazi waliopinga mpango walikuwa wameandaa andiko la kurasa 53 wakieleza hofu zao, ikiwemo hofu kwamba magari yatahamia barabara za pembeni na kuwaongezea watu wa huko moshi na foleni, na halmashauri haikulizingatia andiko lile kabla ya kuamua. Hapo ndo ilipoanguka. Mahakama haikusema kuzuia magari ya kukatiza ni kosa, haikusema mitaa ile haikuwa na tatizo, ilisema mmewaita watu watoe maoni halafu hamkuwasikiliza. Hayo ni mambo mawili tofauti, na kuyachanganya ndo kumenifanya niandike, sababu miji mingi iko kwenye ubishi huu huu na watu wanaondoka na somo ambalo halikufundishwa.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Magari yanayokatiza mitaa ya watu sio tatizo la tabia mbaya za madereva, wala sio tatizo la ap za ramani kwenye simu, ni tatizo la jinsi mitaa ilivyounganishwa. Mtaa ukiwa na mdomo mmoja kwenye barabara kuu ya huku na mdomo mwingine kwenye barabara kuu ya kule, na katikati umenyooka, huo tayari ni mkato, unasubiri foleni tu uanze kazi. Kwahiyo dawa ni kuuondoa mkato wenyewe, yani kupanga mitaa ili gari lifike kwenye kila geti na kila nyumba, ila lisiweze kuingia huku likatokea kule. Na nitasema pia kwamba wanaoipigania dawa hii wakiiendesha kibabe wataipoteza, hata kama hoja yao ni nzuri.

Tuanze na gari linafikaje hapo. Dereva yuko kwenye foleni barabara kuu, taa imemlaza mara ya tatu, anaona kushoto kuna mtaa mtupu na anajua ukinyoosha unatokea mbele ya taa. Anaingia. Hajavunja sheria, hakuna kibao kinachomkataza, na akiwa peke yake wala usingemwona. Shida ni kwamba wazo hilo hilo wanalo mamia ya wengine asubuhi ile ile. Zamani kulikuwa na kinga ya asili kidogo, njia za panya zilijulikana na wenyeji wachache, mgeni aliogopa kupotea akabaki kwenye foleni yake. Simu imeiondoa hiyo kinga. Waze, ap ya ramani inayowaelekeza madereva, ilianzia Israel, Google wakainunua 2013, na leo mtu ambaye hajawahi kukanyaga eneo lenu maishani mwake anaelekezwa kona kwa kona kupita chini ya dirisha lako, mana huko ataokoa dakika mbili. Ap haina chuki na wewe, imeangalia ramani ikaona mtaa uko wazi pande zote, na kweli uko wazi.

Kuna mji mdogo unaitwa Leonia, jimbo la New Jersey kule Marekani, uko jirani na daraja la George Washington linaloingia New York. Daraja likijaa, magari yanamwagika kwenye mitaa yao. Januari 2018 wakachoka, wakapiga marufuku wasio wakazi kutumia mitaa kama 60 saa za foleni asubuhi na jioni, faini dola 200, na wakazi wakapewa lebo za njano za kutundika kwenye gari ili polisi wawatambue. Agosti mwaka huo huo hakimu akaubatilisha utaratibu ule kwa sababu mji haukuwa umepata kibali cha idara ya usafirishaji ya jimbo. Unaona tena, kilichoanguka mahakamani ni utaratibu. Lakini mimi njia ya Leonia siipendi hata bila mahakama, sababu inawachambua watu, wewe ni wa hapa pita, wewe sio wa hapa geuza. Nguzo iliyosimikwa katikati ya mtaa haimuulizi mtu anaishi wapi. Mwenye nyumba ya jirani na nguzo gari lake halipiti, la mgeni wake halipiti, la mkubwa fulani halipiti, wote watazunguka, na hapo hapo wote wakiwa kwa miguu, kwa baiskeli au kwa kiti cha magurudumu wanapita moja kwa moja. Gari la mizigo linafika, la takataka linafika, la kumleta mgonjwa nyumbani linafika, ila kila moja linatoka kwa njia liliyoingilia. Watu wakisikia "mtaa unafungwa" wanawaza geti na mlinzi. Hapana. Kinachozibwa ni kile kitobo cha katikati kinachoufanya mtaa uwe bomba la kupitishia foleni ya watu wengine.

Na mkato hauwasaidii hata madereva kama wanavyodhani. Mwaka 1968 mwanahisabati Mjerumani Dietrich Braess alionyesha kwa hesabu kwamba ukiongeza njia mpya kwenye mtandao wa barabara, na kila dereva akachagua iliyo bora kwake mwenyewe, inawezekana safari ya kila mmoja ikawa ndefu kuliko kabla hujaongeza kitu. Ukikaa ukaangalia mkato unavyofanya kazi utaelewa kwa nini. Wale waliochepuka hawajatoweka, wanarudi barabara kuu mbele kidogo, na pale kwenye makutano wanaingiza pua za magari yao wakiomba nafasi, kila anayepewa nafasi anawasimamisha kumi waliobaki kwenye foleni kwa uvumilivu wao, foleni inarefuka nyuma, na wengine wanaona afadhali nao wachepuke.

Wazo la kutenganisha njia ya kupita na mahali pa kukaa limeshazeeka. Mwaka 1963 Colin Buchanan, mtaalamu wa mipango miji, alikabidhi kwa serikali ya Uingereza ripoti iliyoufananisha mji na jengo lenye korido na vyumba, na ni mfano ambao mpaka leo sijaona unaouzidi. Korido ni ya kupita, chumba ni cha kukaa. Chukua hospitali, hakuna anayejenga hospitali ambayo machela inakatiza wodi ya wazazi ili kufika maabara haraka, hata kama ingeokoa dakika. Sasa mitaa yetu ya makazi ni vyumba ambavyo mtu alisahau kuviwekea ukuta wa nyuma.

Waliokuja kulifanya jambo hili kweli kweli ni Waholanzi, na walilifanya wakiwa na uchungu. Mwaka 1971 barabara za nchi ile ziliua zaidi ya watu 3,000, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi wakaingia barabarani, na vuguvugu lao wakaliita Stop de Kindermoord, yani komesheni mauaji ya watoto, hawakutafuta neno la kupunguza makali. Mwaka 1976 sheria ikaitambua woonerf, mtaa wa makazi ambao anayetembea ana haki ya upana wote wa njia na gari ndo linatakiwa liende mwendo wa mguu. Mwaka uliofuata mji wa Groningen ukaigawa katikati yake sehemu nne, gari likawa haliwezi kutoka sehemu moja kuingia nyingine moja kwa moja, lazima litoke nje, lizunguke, liingie upya. Wenye maduka walipinga sana, wakasema mji utakufa. Mji haukufa, na sasa hivi ukitaja miji ya baiskeli duniani huwezi kuuruka. Aprili 2017 Ghent kule Ubelgiji wakafanya kitu kinachofanana, mpango wote ukabadilishwa karibu kwa mkupuo mmoja, na makamu meya aliyeusimamia alitishiwa maisha. Nataja hili ili mtu asidhani penye mafanikio palikuwa na makofi tangu siku ya kwanza.

Sasa tuje kwenye usalama. Mtu anayekatiza ana haraka, hiyo ndo sababu yake pekee ya kuwa pale, kwahiyo mtaa unapokea magari mengi zaidi na pia unapokea yale yenye haraka kuliko yote. Haraka ina hesabu yake. Chukua dereva makini, breki nzima, lami kavu, anahitaji sekunde moja tu kati ya kuona na kukanyaga. Akiwa kilomita 30 kwa saa, sekunde ile inameza mita 8 na kitu, breki zinameza kama 5, amesimama ndani ya mita 13 au 14. Akiwa kilomita 50 kwa saa sekunde ile ile peke yake inameza karibu mita 14. Maana yake mtoto akichomoka mita 14 mbele, huyu wa 30 amesimama mbele ya magoti yake, na huyu wa 50 ndo kwanza mguu unagusa breki. Ni dereva yule yule, macho yale yale, moyo ule ule mwema. Shirika la Afya Duniani linasema wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua inapanda kama asilimia 4, na ripoti yake ya Desemba 2023 inahesabu vifo milioni 1.19 vya barabarani kwa mwaka, ikiwa ndo sababu namba moja ya vifo vya walio na umri wa miaka 5 hadi 29. Watoto na vijana hao wote wana mtaa waliokulia, na wengi njia yao ya kila siku inaanzia pale nje ya mlango.

Kuna asubuhi moja nilisimama kwenye kona ya mtaa ninaoishi nikimwangalia mtoto wa kama miaka saba anataka kuvuka. Mkoba umemzidi, kamba moja imeteremka begani. Anashusha mguu mmoja barabarani, gari linakuja, anaurudisha. Anashusha tena, anaurudisha. Mara ya nne au ya tano dereva mmoja akapunguza mwendo na kumpungia mkono apite, mtoto akaanza kukimbia, na gari la nyuma likapiga honi ndefu, naye akasimama katikati kabisa akiwa ameziba masikio kwa mikono miwili. Akavuka, akaenda shule. Hakugongwa, kwahiyo kwenye takwimu za ajali asubuhi ile haipo. Ndo maana ile hoja ya "mtaa huu mbona haujawahi kuwa na ajali" hainitulizi hata kidogo. Mtaa unaweza usiwe na ajali kwa sababu ni salama, na unaweza usiwe na ajali kwa sababu watu wameshauogopa wakauacha, watoto wamefungiwa ndani, mzee hatoki tena kwenda kwa mwenzake upande wa pili. Kwenye karatasi ya polisi mitaa hiyo miwili inafanana.

Donald Appleyard, mtaalamu wa mipango miji, alilipima hili San Francisco, Marekani, mwaka 1969. Alichukua mitaa mitatu inayofanana, mmoja unapitisha kama magari 2,000 kwa siku, wa pili 8,000, wa tatu 16,000, akawauliza watu wana marafiki wangapi mtaani kwao na wanaona mwisho wa nyumbani kwao ni wapi. Wa mtaa wenye magari machache walikuwa na marafiki mara tatu ya wale wa mtaa uliojaa, na walichora mpaka wa "kwetu" ukifika nje mpaka barabarani, wakati wale wengine kwao kuliishia ukutani. Appleyard mwenyewe aliuawa na gari lililokuwa linaenda kasi mjini Athens mwaka 1982. Kila nikilifikiria hilo nashindwa kuendelea na maneno mengi.

Watu wakifika hapo wanasema sawa, tuwekeni matuta. Nawaelewa, tuta ni kitu unachokiona, linajengwa kwa siku mbili na kiongozi anapiga picha. Arthur Compton, mwanafizikia mwenye Nobel, alishabuni matuta ya kupunguza mwendo chuoni kwake St. Louis mwaka 1953, na yanafanya kazi yake, yanapunguza mwendo pale yalipo. Ila tuta linapunguza mwendo tu, halipunguzi sana sababu ya kupita. Dereva anakanyaga breki, anapanda, anashuka, anakanyaga mafuta mpaka tuta la pili, na wewe ndani ya nyumba unasikiliza mngurumo na breki mchana kutwa. Kama foleni ya barabara kuu ni dakika kumi na matuta yanamla dakika moja na nusu, hesabu yake bado iko pale pale, atapita. Halafu tuta linamuumiza pia yule ambaye hakukusudiwa, mgonjwa aliyevunjika mguu kwenye gari la wagonjwa, mama mwenye uchungu wa kujifungua. Mimi matuta nayaunga mkono mahali ambapo gari lina haki ya kuwepo na unataka liende taratibu. Kwenye mkato ni kumwambia mgeni asiyetakiwa apite kwa adabu.

Hoja za upande wa pili sasa. Iliyo dhaifu kuliko zote ndo inayosemwa zaidi, kwamba tatizo ni madereva wakorofi, toeni elimu, wekeni vibao, waambieni wawe wastaarabu. Inapendwa kwa sababu haimgusi mtu yeyote, kila anayeisema anawaza dereva mwingine. Lakini angalia nani anakatiza mtaa wako, utakuta ni mwalimu, ni nesi anayewahi zamu, ni mzazi amembeba mtoto wake mwenyewe nyuma, ni mimi na wewe tukiwa kwenye mtaa wa wenzetu. Hakuna mkorofi wa kuelimisha hapo. Huwezi kumwomba mtu kwa kibao asifanye kitu ambacho ni halali, kinamwokolea muda, kila mtu anakifanya na simu yake inamwelekeza akifanye, na ukitegemea aibu yake peke yake basi umekabidhi usalama wa mtoto kwa dereva wa mia moja ambaye siku hiyo amechelewa. Hata Oslo, ambako mwaka mzima wa 2019 hakufa mtembea kwa miguu hata mmoja, na Helsinki ambako mwaka 2019 nako hakuna anayetembea aliyeuawa, hawakufika hapo kwa mabango ya kuhimiza ustaarabu. Walishusha mwendo, wakabana njia, wakabadilisha makutano, yani walipanga barabara kwa kudhani kwamba binadamu atakosea na wakahakikisha akikosea mtu hafi. Ile pacha yake ya "zuieni ap" nayo ni hivyo hivyo, ap inasoma barabara, ukiubadilisha mtaa ramani itabadilika yenyewe na ap itatii bila kuombwa.

Hoja ya magari ya dharura ina uzito zaidi na haifai kupuuzwa, mana dakika kwa mtu aliyeanguka na moyo sio dakika ya foleni. Waltham Forest, London, walianza kuziba mikato kwenye maeneo ya makazi miaka kama mitano kabla ya wengi kulisikia jambo hili, na watafiti walipoangalia muda wa zimamoto kufika hawakuona ushahidi kwamba umeongezeka. Sababu inaeleweka, sehemu nyingine kizuizi ni kamera tu inayowapiga faini wanaokatiza na gari la dharura linapita, kwingine ni nguzo inayofunguliwa kwa ufunguo wanaokuwa nao wao. Hiyo haimaanishi kila mpango uko salama, inamaanisha watu wa zimamoto na wa magari ya wagonjwa waitwe kabla nguzo haijanunuliwa, wakae na ramani, waseme hapa nguzo hapana, hapa kamera. Hivyo hivyo kwa mtu mwenye ulemavu ambaye gari ndo miguu yake. Kuambiwa azunguke dakika saba zaidi kila anapotoka ni mzigo halisi kwake kuliko kwa mwingine yeyote, na kama kuna kamera basi namba ya gari lake iandikwe aruhusiwe, hili halina ubishi kwangu.

Hoja nzito kuliko zote ni ile ya kurasa 53: magari yanakwenda wapi? Ukinitolea magari kwangu ukayapeleka kwa mwingine, na huyo mwingine anaishi kwenye barabara kuu ambako tayari hewa ni mbaya na kuvuka ni kazi, umefanya nini zaidi ya kuhamisha shida? Hapa nataka niwe mkweli kwa pande zote. Upo ushahidi kwamba magari hayahami yote. Mwaka 2002 watafiti Sally Cairns, Stephen Atkins na Phil Goodwin walikusanya mifano 70 ya barabara zilizopunguziwa nafasi kwenye nchi 11, na wastani wa magari yaliyotoweka kabisa, hayakuonekana hata kwenye barabara za jirani, ulikuwa karibu asilimia 22, watu walibadili saa, wakaunganisha safari mbili kuwa moja, wengine wakatembea. Ila wanaopenda kuinukuu namba hiyo mara nyingi wanaacha nyingine iliyo kwenye kazi hiyo hiyo, kwamba nusu ya mifano ilikuwa chini ya kama asilimia 11. Wastani ulivutwa juu na mifano michache mikubwa. Kwa London, uchambuzi wa 2023 wa mipango 46 ulikuta magari yamepungua sana ndani ya maeneo yaliyozibwa, na kwenye barabara zinazoyazunguka maeneo hayo mpakani ongezeko la wastani halikufika hata asilimia 1. Na kule Waltham Forest majeruhi ndani ya maeneo yale walipungua sana bila kuonekana wameongezeka mpakani.

Mimi nikiyasoma haya naona kwamba ile hofu ya kila gari kuhamia kwa jirani haina msingi, na naona pia kwamba neno "wastani" linaficha watu. Ndani ya wastani huo kuna barabara zilizopungua na kuna barabara zilizoongezeka, na anayelala kwenye iliyoongezeka hapumui wastani, anapumua moshi wa barabara yake. Kwahiyo mpango unaoziba mikato ukaiacha barabara kuu kama ilivyo ni nusu mpango. Barabara kuu ni korido kweli, lakini ni korido ambayo watu wanaishi ndani yake, wanahitaji vivuko vya karibu, taa zinazompa anayetembea muda wa kutosha, njia ya mabasi ili basi lisilale kwenye foleni moja na magari binafsi, na mwendo unaodhibitiwa. Na ukiziba mtaa mmoja tu kwa sababu anaishi mtu mwenye sauti, magari yatahamia mtaa wa pili wake siku hiyo hiyo, hapo wapinzani wako sahihi asilimia mia. Eneo zima linaloshikwa na barabara kuu pande zote lichukuliwe kama chumba kimoja, au liachwe.

Kutokana na hayo, somo la West Dulwich kwa mji wowote unaofikiria jambo hili ni la utaratibu, na utaratibu hapa ndo roho ya kazi. Mpango wa barabara unagusa kila mtu kila siku, mtu akiamka akakuta nguzo ambayo hakuambiwa, hata akielezwa faida zake baadaye hatasikia, ameshaonewa. Afadhali ukaanza kwa majaribio ya miezi sita au mwaka, kwa vitu vinavyoondoleka, masanduku ya maua, nguzo za muda, na ukasema tangu mwanzo ni namba gani zikionekana mpango utabaki na ni zipi zikionekana utang'olewa. Wiki za kwanza zitakuwa mbaya, madereva watakuwa bado wanajaribu njia za zamani na foleni itakuwa kubwa, anayepima wiki ya pili na kutangaza umeshindikana hajapima kitu. Lakini pia anayekataa kung'oa nguzo baada ya mwaka mzima wa namba mbaya kwenye barabara ya jirani, huyo atakutana na andiko lake la kurasa 53 na atastahili.

Na kuhesabu kuanze kabla. Mara nyingi kinachohesabiwa ni magari tu, mangapi yamepita, kwa mwendo gani, yamechelewa dakika ngapi, sababu vyombo vya kuhesabu magari vipo na mkandarasi anavijua. Ombeni wahesabiwe na watu: watoto wangapi wanakwenda shule kwa miguu wenyewe, wazee wangapi wanavuka, anayevuka anasubiri muda gani pale ukingoni. Mtu na karatasi akikaa kwenye kona asubuhi tatu inatosha. Hesabu hiyo isipochukuliwa sasa hivi, siku ya kikao cha kuamua mezani kutakuwa na dakika za madereva peke yake, na yule mtoto aliyesimama katikati ya barabara ameziba masikio hatakuwa kwenye karatasi yoyote.